Mwali Mwenye Ndevu na Mtihani wa Fizikia

Masharti ya mtihani wa mtandaoni yalikuwa mafupi, na nilipoyasoma kwa utulivu niliona kila moja lina sababu yake. Mtahiniwa akae peke yake chumbani. Mlango ufungwe. Kamera iwashwe, imwone uso na mikono. Asiseme na mtu, wala sauti ya mtu mwingine isisikike. Ikisikika, karatasi yake itapelekwa kwenye kamati. Aliyeyaandika, nilijiambia, ni mtu makini sana ambaye hajawahi kuishi mtaani kwetu, Picha ya Ndege.

Nyumba yangu ya Picha ya Ndege ina fundi wa mageti upande mmoja na mashine ya kufyatulia tofali upande wa pili. Mbele, kando ya barabara, kuna jamaa anayeuza dawa ya kunguni kwa kipaza sauti chenye maneno yaliyorekodiwa, yale yale tangu asubuhi hadi jua linapozama. Sijawahi kulalamika. Mtaa unaopiga kelele za kazi ni mtaa wenye afya. Vipindi vyangu vyote nilivisikiliza hapo, spika zikiwa masikioni, nikajifunza sheria za mwendo huku naarifiwa kwamba kunguni hufa pamoja na mayai yake. Lakini kusoma ni jambo moja, kutahiniwa ni jingine.

Nieleze kwanza kilichompeleka mtu wa umri wangu kwenye mtihani. Shule niliishia kidato cha nne. Yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya mtumba, kimoja baada ya kingine, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sababu sijui namna nyingine ya kusoma kitabu. Kwa njia hiyo nilipata ufundi wa umeme, na kwa umeme nikapata kazi ya kufundisha vijana kufunga nyaya za nyumba kwenye kituo kidogo cha ufundi kule Tangini. Nilifundisha miaka mingi na hakuna aliyeniuliza karatasi. Nyumba walizofunga wanafunzi wangu haziungui, na hilo ndilo lililokuwa cheti changu.

Kisha utaratibu ukabadilika. Mkuu wa kituo, mama mpole kuliko cheo chake, aliniita ofisini na kunikaribisha chai, nikajua kuna jambo.

"Mwalimu," alisema, "wakaguzi wanataka kila anayefundisha awe na shahada, au angalau awe ameshakubaliwa chuoni."

"Na asiyekuwa nayo?"

"Ninaweza kumweka stoo. Mpaka muhula wa kwanza wa mwaka ujao ninaweza kusubiri. Zaidi ya hapo nitaonekana nakuficha."

"Stoo nitafanya nini?"

"Utagawa bisibisi."

Nilimaliza chai. Sina dharau na stoo, ni mahali panapohitaji mtu wa utaratibu. Lakini niliwaza kumkabidhi kijana bisibisi dirishani, kisha nimwone anakwenda kuishika vibaya na mimi siruhusiwi kusema neno. Siku ile ile nilianza kutafuta chuo.

Kutafuta chuo ukiwa mtu mzima ni kama kununua kiwanja Kibaha: wanaouza ni wengi kuliko wanaomiliki. Nilihakikisha kwanza kwamba chuo kimesajiliwa, nikahakikisha mara ya pili kwa kuwauliza wanaosajili, ndipo nikajiunga na kozi ya maandalizi, ile inayowafungulia mlango wa shahada watu ambao hawakupita kidato cha sita. Masomo yote yalikuwa mtandaoni. Darasa letu lilikuwa kundi la simu. Kulikuwa na muuguzi aliyeuliza maswali mazuri kila alipotoka zamu, askari aliyemaliza kila ujumbe kwa neno "nawasilisha", na dada mmoja aliyekuwa akisoma huku ananyonyesha, hata mhadhiri alipokuwa akieleza mawimbi tulisikia mtoto akicheua. Siku hizi ukimkuta mtu mzima peke yake chini ya mkorosho anaongea na simu kwa Kiingereza cha taratibu, usimwonee huruma. Yuko darasani.

Nilijifunza mambo ambayo hayakuwa kwenye mtaala. Bando la usiku ni rahisi lakini ubongo wa usiku ni ghali. Miwani ya kusomea kitabu si miwani ya kusomea kioo. Mke wako atavumilia fizikia lakini hatavumilia uache kuitikia unapoitwa kula. Na hodi, hapa kwetu, haina kitufe cha kuizima.

Kwa hiyo mtihani wa mwisho ulipokaribia, ule wa fizikia, niliamua kwenda kuufanyia Kibuta, Kisarawe, nyumbani kwa mama mkwe. Mke wangu ni Mzaramo wa huko. Mimi ni Msukuma niliyeteremka kutoka kaskazini nikiwa kijana na sikurudi. Nyumba ya mama mkwe iko kando ya mashamba ya mihogo, mtandao unapatikana vizuri kwa sababu ya mnara ulio mlimani, na saa za asubuhi watu wako shambani. Nilikwenda wiki moja kabla kupima. Nilikaa chumbani nikasikiliza. Nilisikia kuku, upepo na kuku. Nikaridhika.

Nilipanga kila kitu. Laptop imechajiwa, simu mbili zenye laini za mitandao tofauti, pazia nene dirishani, na kiti kisicholia. Lililobaki lilikuwa kumweleza mama mkwe, na hapo ndipo utaratibu wangu ulipopata tundu. Mkwe na mkwe hawakai wakapiga soga. Nilisimama uani, macho chini, nikaeleza kwa heshima na kwa ufupi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Kesho nitajifungia chumbani, mama. Sitakiwi kuonana na mtu, wala kusema na mtu, wala kusikia sauti ya mtu. Kuna wanaonitazama nisiowaona, wanahakikisha. Nikimaliza salama nitakuwa nimevuka kwenda hatua nyingine."

Mama mkwe aliniangalia kidogo, jambo asilolifanya mara nyingi.

"Na chakula?"

"Mpaka nitoke."

"Haya, baba," alisema. "Nimeelewa."

Na kweli alielewa. Alielewa kwa vitu alivyovijua.

Asubuhi ya mtihani mambo yalianza vizuri. Kamera ilinikubali, maswali yakafunguka, nikajibu la kwanza kuhusu vipimo na la pili kuhusu mvutano. Nje palikuwa kimya kabisa. Ule ukimya ndio ulioniponza. Picha ya Ndege ukifunga mlango mchana hakuna atakayejua, kelele zitakufunika. Kibuta mlango uliofungwa mchana, na mwenye nyumba anayenyata uani, ni habari.

Habari ilimfikia jirani wa mama mkwe. Ni bibi ambaye wote hapo humwita kungwi kwa sababu ndiye aliyewafunza wasichana wa kijiji kile, mmoja baada ya mwingine, mke wangu akiwemo. Kwangu mimi ni mtani. Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu, na bibi huyu hauchukulii utani kama mchezo. Anauchukulia kama wajibu. Siku ya harusi yangu alikaa kizingitini akakataa kuondoka mpaka aletewe ng'ombe, na alipoambiwa ng'ombe wamebaki Shinyanga alisema basi bwana harusi alale Shinyanga. Mtani hakasirikiwi. Ukikasirika, kosa ni lako.

Nilimsikia anaingia uani.

"Hodi hapa! Mbona mnatembea kama mnaiba?"

Sauti ya mama mkwe ilikuwa ya chini, lakini dirisha lilikuwa karibu. "Shhh! Yuko ndani."

"Nani?"

"Mkwe. Amewekwa ndani."

"Mgonjwa?"

"Hapana. Anafunzwa na kile kioo cha kompyuta alichokuja nacho. Haonwi na mtu, hasemi na mtu mpaka amalize. Akitoka atakuwa amevuka."

Nilikuwa kwenye swali la tatu, chombo kinachoteremka mteremko, na nilijua kwa uhakika wa kisayansi kwamba chombo kingine nacho kimeanza kuteremka.

"Ee Mola wangu," alisema bibi, taratibu, kwa furaha kubwa. "Msukuma kawekwa mwali!"

Mimi ninajua kuhusu mwali yale ambayo mwanamume yeyote aliyeoa Uzaramoni anayajua, yaani karibu hakuna. Msichana akivunja ungo huwekwa ndani, haonekani, anafunzwa na kungwi, kisha siku moja anatolewa kwa ngoma. Yanayofunzwa huko ndani hayasemwi nje. Basi fikiria furaha ya mtani huyu: mwanamume mzima mwenye ndevu zenye mvi, Msukuma juu ya yote, amefungiwa chumbani kwa masharti yale yale ya mwali, na mkwe wake amethibitisha. Kama angepita kimya angekuwa ameiaibisha kazi yake.

Alitoka. Aliporudi hakuwa peke yake. Nilisikia kanga zikisuguana, vicheko vya kubanwa, na kitu kinachogongwa ambacho baadaye nilijulishwa kuwa debe la mama mkwe.

"Mwali wetu ana ndevu!" bibi alianzisha.

"Ana ndevu!" wakaitikia.

"Kungwi wake ni kioo!"

"Ni kioo!"

Mstari ule, naukiri, ulikuwa na hoja ndani yake. Kisha akahamia Kizaramo, kile cha ndani ambacho hata vijana wa hapo hawakisikii sokoni, na wanawake wakaacha kucheka kicheko cha kawaida wakaanza kucheka kile kingine.

Nilifanyaje? Kuinuka ni kosa. Kusema ni kosa. Kukasirika kwa mtani ni kosa pia, ingawa chuo hakikuliandika. Nilikaa. Wakati wa kiitikio sikuweza kufikiri, kwa hiyo nilisubiri. Kiitikio kilipokwisha na bibi akawa anavuta pumzi, niliandika. Kiitikio, kusubiri, pumzi, kuandika. Kwa namna hiyo nilimaliza maswali yote na muda ukabaki. Nilipoizima kamera nilifungua mlango, na wanawake wote walikimbilia mihogoni wakiwa wameshikilia kanga, isipokuwa bibi, ambaye alibaki na debe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwali. Umefunzwa vizuri? Mbona huna haya usoni?"

"Bibi, umenifelisha mtihani."

"Mtihani gani? Mimi nimekuimbia bure. Wenzio wanalipa."

Barua ya kamati haikuchelewa. Karatasi yangu imezuiwa. Nimealikwa kwenye kikao cha video nitoe maelezo. Sauti za watu wengi zimesikika, lakini si hilo tu lililowasumbua. Sauti, kama ningethibitisha kwamba ni za nje, zingeweza kusamehewa. Kilichowasumbua ni kwamba watu wale walikuwa wakiimba kwa lugha isiyojulikana, kwa kupokezana, na kwamba kila walipomaliza mtahiniwa aliinamisha kichwa na kuandika jibu.

Niliisoma barua ile mara kadhaa na nikakubali kwamba ningekuwa mimi kwenye kamati, ningeandika vivyo hivyo. Ushahidi ulikuwa safi.

"Wanataka tafsiri ya nyimbo," nilimwambia mke wangu. Alikuwa akichambua mchele, na nilimsomea barua yote. Nilipofika kwenye "lugha isiyojulikana" aliweka ungo chini.

"Waliimba ipi?"

Nilijaribu kumwimbia kipande nilichokikumbuka. Alifunika uso kwa kanga.

"Nyamaza! Watoto watasikia."

"Kwani inasema nini?"

"Haisemwi."

"Mke wangu, mimi nakwenda stoo. Muhula ukianza nitagawa bisibisi. Nahitaji mistari michache tu ya tafsiri, nawe unakijua Kizaramo."

Hakucheka tena. Aliokota chenga moja, akaitupa. "Nakijua. Na ninajua wimbo. Lakini nilipofunzwa niliapa, na aliyeniapisha yuko hai. Nikikwambia wewe mwanamume, ukaiandika, ukawapelekea wanaume wengine, nitamtazamaje? Kufungua ule mlango ni kazi yake yeye aliyeufunga. Twende tukamwombe."

Nilimpenda zaidi siku ile, na pia nilitamani awe na msimamo dhaifu kidogo.

Tulikwenda Kibuta pamoja. Bibi alitusikiliza akiwa anamenya mihogo. Mke wangu alieleza jambo zima, bila utani, akipiga goti: kwamba ule haukuwa mchezo wa kujifungia, kwamba ulikuwa mtihani wa kweli, na kwamba mumewe ataondolewa darasani. Kisu cha bibi kilisimama.

"Hukufunzwa na kioo tu basi," aliniambia. "Kuna watu nyuma yake."

"Wapo, bibi."

"Na wao ndio wanaosema umevuka au hukuvuka."

"Ndio wao."

"Na mimi nimemwimbia mwali wa watu wengine bila kuwaomba ruhusa." Alilifikiria hilo kwa uzito ambao sikuutarajia, kama fundi aliyegundua amekata waya wa jirani. "Hilo ni kosa kwetu. Kungwi haingilii mwali wa kungwi mwenzie. Nitakuja kwenye hicho kikao."

"Na utawaeleza maana?"

"Nyimbo hazisemwi kwa wanaume, Msukuma. Hata uende stoo, hata uende Shinyanga kwa miguu."

Mambo yalibaki hapo mpaka siku ya kikao.

Mimi na mke wangu tulikaa sebuleni kwa mama mkwe, laptop juu ya meza, bibi kwenye kiti kisicholia, amevaa kanga mpya na kilemba. Mimi nilijiunga pia kwa simu yangu ya pili, kwa tahadhari mtandao ukikatika. Upande wa pili walikuwepo wawili: mwenyekiti wa kamati, mama wa makamo aliyevaa miwani kama yangu, na daktari wa fizikia aliyetunga ule mtihani, mwanamume mwembamba mwenye tai.

"Hawa ndio makungwi wako?" bibi aliuliza kwa sauti iliyofika hadi chuoni.

"Ndio, bibi."

"Mbona hawana ngoma?"

Mwenyekiti alikohoa. Nilitoa maelezo yangu yote: chumba, mlango, mkwe, mtani, debe. Niliyatoa kwa mpangilio. Nilipofika kwenye neno mwali daktari aliacha kuandika.

"Kwa hiyo unaiambia kamati," alisema, "kwamba wanawake wale walidhani wewe ni msichana aliyevunja ungo."

"Hawakudhani, daktari. Walinitania."

"Na ni bahati tu kwamba uliandika kila walipomaliza kuimba?"

"Walipokuwa wakiimba sikuweza kufikiri."

"Kwenye swali la mteremko unaonekana unatabasamu."

"Ndipo walipotaja ndevu."

Mwenyekiti aliingilia. "Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunachohitaji ni kidogo. Utuambie zile nyimbo za Kizaramo zinasema nini, tujue kwamba hazikuwa na majibu."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kuna wanaume wawili humu. Mmoja kwenye kioo, mmoja hapa ananipumulia."

"Bibi, ni mambo ya kitaaluma," alisema daktari.

"Na mimi ni mambo ya kitaaluma," alisema bibi.

Niliwaona wale wawili wakitazamana, ingawa katika video watu hawatazamani, kila mmoja anatazama mahali pake. Nilijua huo ndio mwisho. Kamati haiwezi kupitisha karatasi bila tafsiri, na bibi hatatoa tafsiri, na kila upande una haki. Sijawahi kuona stoo ikiwa karibu namna ile.

Bibi alisogea mbele mpaka kilemba kikaijaza skrini.

"Wewe mama. Umechezwa unyago?"

"Kwetu hatuchezwi, bibi."

"Umezaa?"

"Nimezaa. Watatu."

"Basi uchungu umeshakufunza nusu. Watoe hawa wanaume, nikueleze wewe peke yako. Ukishajua, amua. Lakini usiandike."

"Bibi, utaratibu wa kamati unataka wajumbe wote..."

"Na utaratibu wangu?"

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Daktari," alisema, "nitakuhamisha kwenye chumba cha pembeni kwa muda. Na mtahiniwa, ile simu yako, nitakuhamisha pamoja naye. Nawe toka hapo sebuleni."

Nilitoka nikasimama karibu na banda la kuku, simu mkononi. Baada ya muda uso wa daktari ulitokea, peke yake, amelegea kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, daktari."

"Huko kwako unasikia wanachosema?"

"Nasikia bibi anaongea chini chini. Simuelewi."

"Mimi nimefundisha chuo kikuu miaka mingi," alisema. "Sijawahi kutolewa kikaoni."

"Mimi sijawahi kuwekwa kikaoni."

Alitabasamu kidogo. Kisha kutoka sebuleni kikaja kicheko, cha mwanamke nisiyemjua, kikipitia spika za laptop, kicheko kirefu kilichoanza kwa kujizuia na kikashindwa.

"Hicho ni nini?" daktari aliuliza.

"Nadhani ni mwenyekiti."

"Mwenyekiti hacheki."

"Sasa anacheka, daktari."

Tulisikiliza. Yeye hakusikia zaidi ya hapo, lakini alisikiliza kwa niaba yangu, uso wake ukiwa karibu na kamera.

"Hiyo kwako ni nzuri au mbaya?"

"Sijui. Kwa bibi ni nzuri."

Akaona tumekaa bure, akaniuliza nililijibuje lile swali la chombo kwenye mteremko, maana wengi walilikosa. Nikamweleza kwa mkokoteni wa maji: kwamba anayeuteremsha mlimani hausukumi, anauzuia, na kwamba mshale wa nguvu ya mikono yake unaelekea juu kama anapoupandisha, ila wa msuguano ndio unaogeuka. Alisikiliza, akauliza swali la juu yake, nikajibu, akauliza jingine. Hatukugundua kwamba tumekwisha kurudishwa kikaoni mpaka mwenyekiti aliposema, "Naona na huku kulikuwa na kikao."

Macho yake yalikuwa na maji, lakini uso ulikuwa umenyooka.

"Kamati," alisema, "imepata maelezo ya nyimbo. Imeridhika kwamba hazina fizikia."

"Hazina kabisa?" daktari aliuliza.

Alisita. "Kuna mwendo. Kuna hata msuguano. Lakini si wa mtihani huu."

"Zinahusu nini, basi?"

"Hayo hayaihusu kamati, daktari."

Bibi aliitikia kwa kichwa kama mkaguzi aliyeridhishwa na nyaya. Daktari akasema kwamba kwa upande wake, kwa mazungumzo aliyoyafanya na mtahiniwa huko pembeni, hana shaka majibu yalikuwa yake mwenyewe. Mwenyekiti akasema basi karatasi isahihishwe kama nyingine, na kwamba barua ya kukubaliwa shahada, iwapo alama zitatosha, itafika kituoni kabla ya muhula kufunguliwa. Daktari alisema, bila kutakiwa kusema, kwamba alama zinatosha. Alikwishasahihisha kabla ya karatasi kuzuiwa.

Nilikuwa bado nimesimama pale bandani. Nilishukuru. Sikumbuki nilishukuru kwa maneno gani, nakumbuka kwamba kuku walikuwa wanatembea juu ya viatu vyangu.

"Mtani!" bibi aliita kutoka ndani. "Umevuka?"

"Nimevuka, bibi."

"Basi uko nje kwa nini? Rudi chumbani! Mwali hatoki kwenye banda la kuku. Rudi ndani, ufunge mlango, nikutoe."

Mke wangu alikwisha kukimbia kuwaita wenzake. Mwenyekiti, badala ya kuzima, aliuliza kama kamera inaweza kugeuzwa ielekee mlangoni. Niliingia chumbani nikafunga mlango, mwanamume wa umri wangu, mwalimu wa umeme, na nikasubiri kama nilivyoagizwa. Debe likaanza. Desturi inataka mwali abebwe begani, na niliwasikia wakibishana nje.

"Nani atambeba huyu? Msukuma mzito!"

"Leteni mkokoteni."

"Mkokoteni umekwenda kwenye maji."

"Basi atembee, lakini atembee kwa haya!"

Kutoka jikoni, ambako heshima ya mkwe ilimzuia kutoka, mama mkwe alipiga kigelegele kirefu kuliko vyote. Mlango ukafunguliwa. Mtu akanitupia kanga kichwani, nikatoka kwa haya kadiri nilivyoweza.